Miezi Tisa ya Kusubiri: Sesame Street Ilipohamia Chaneli ya Kulipia

Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam mbele ya walimu wa elimu ya awali, wazazi na watengenezaji wa vipindi vya watoto. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana wa studio mliokuja kukaa nasi leo: itifaki imezingatiwa, na wanaostahili shikamoo yangu naomba waipokee.

Nimeombwa nizungumzie televisheni na mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza. Mada hiyo ni pana, nami sitaizunguka yote. Nitalichukua tukio moja la Marekani na kukaa nalo, kwa sababu limebeba karibu kila swali ambalo ninyi mtaulizwa mkiwa na kipindi kizuri mkononi na akaunti ya benki isiyo na kitu.

Tarehe 13 Agosti 2015, shirika lisilo la faida linalotengeneza Sesame Street, kipindi cha vikaragosi kinachowafundisha watoto wadogo herufi na hesabu, lilitangaza kwamba matoleo mapya ya kipindi hicho, ambacho kwa zaidi ya miaka 45 kilikuwa kimeonyeshwa bure kwenye televisheni ya umma, yangeanza kuonyeshwa kwanza HBO, chaneli ya kulipia, kwa mkataba wa miaka mitano. Watoto wa wasiolipa wangeyapata matoleo hayohayo kwenye PBS, mtandao wa televisheni ya umma, bure kama zamani, lakini baada ya miezi tisa. Miezi tisa! Akina mama mlioko hapa mnaujua urefu wake kuliko mimi.

Siku ile wengine walisema ni usaliti, na wengine wakasema bila mkataba huo kipindi kingekufa. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnisikilize mkiujua: fedha zile walikuwa na haki ya kuzichukua, lakini kule kumsubirisha mtoto hakukuwa haki, wala hakukuwa lazima.

Tuanze na swali la mwanzo kabisa. Kipindi kile kilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Twendeni New York, mwanzoni mwa mwaka 1966, kwenye chakula cha usiku nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, aliyekuwa mtengenezaji wa vipindi katika kituo cha televisheni ya elimu cha jiji hilo. Miongoni mwa wageni alikuwamo Lloyd Morrisett wa Carnegie Corporation, taasisi iliyokuwa ikigharamia utafiti wa elimu. Morrisett alisimulia kwamba binti yake mdogo huamka alfajiri, akaketi mbele ya televisheni na kuitazama ile picha tuli ya mistari inayowekwa kabla matangazo hayajaanza. Hapakuwa na hadithi wala wimbo, na mtoto ametulia tuli. Akamwuliza Cooney: je, chombo hiki kinaweza kumfundisha mtoto mdogo kitu cha maana?

Swali hilo lilikuja katika wakati wake. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ilikuwa imetangaza vita dhidi ya umaskini, na wataalamu wa elimu walikuwa wakieleza kwamba mtoto wa familia maskini anafika darasa la kwanza akiwa tayari ameachwa nyuma na mwenzake aliyesomewa vitabu nyumbani. Shule za awali zilikuwa chache, na nyingi zilidai ada, lakini televisheni ilikuwa imeshaingia karibu kila nyumba, hata nyumba za maskini. Hesabu ya Cooney na Morrisett ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: yule asiyeweza kwenda shule ya awali, shule imfuate sebuleni. Mwaka 1968 walianzisha shirika, wakapata takribani dola milioni 8, karibu nusu yake kutoka serikali kuu na nyingine kutoka taasisi kama Carnegie na Ford, na tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikaanza kuruka. Msimu wa kwanza ulikuwa na matoleo 130, kila moja saa nzima.

Naomba nisimame kidogo hapa, hasa kwa ajili ya vijana wa studio, maana ufundi wao unastahili kusimuliwa. Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa akimkalisha mtoto mbele ya televisheni, kisha pembeni yake anaweka kiwambo cha pili chenye picha zinazobadilika kila sekunde saba na nusu. Mtu mmoja anaketi na karatasi, na kila picha inapobadilika anaandika: macho ya mtoto yako wapi? Kama yamehamia kwenye picha za pembeni, basi sehemu hiyo ya kipindi imeshindwa, hata kama profesa mzima ndiye aliyeiandika.

Na maprofesa walishindwa kweli. Washauri wa saikolojia walikuwa wameonya kwamba vikaragosi vya fundi Jim Henson visichanganywe na watu halisi wa ule mtaa wa kuigiza ambamo kipindi kinatokea, kwa kuwa mtoto atachanganyikiwa asijue lipi ni la kweli. Ushauri ukafuatwa. Mwezi Julai 1969 matoleo ya majaribio yakapelekwa kwa watoto wa Philadelphia, na matokeo yakawa wazi: vikaragosi vikiwa kwenye kioo, watoto wametulia, watu wazima wakianza kuzungumza mtaani, watoto wameondoka na macho yao. Cooney na wenzake wakauweka ushauri wa wataalamu kando na kuviteremsha vikaragosi mtaani. Hapo ndipo alipozaliwa Big Bird, ndege mrefu wa manjano, na Oscar, yule mnuni anayeishi ndani ya pipa la taka.

Mmeona mamlaka ilikuwa kwa nani? Ilikuwa kwa mtoto wa miaka minne asiyejua hata kwamba anaulizwa. Na mtaa wenyewe ulijengwa kwa sura ya mitaa yao: ngazi za mbele za nyumba za matofali, duka la pembeni, mapipa ya taka, majirani Weusi, Weupe na wa asili ya Amerika ya Kusini. Ubishi wa 2015 hauwezi kueleweka na mtu asiyejua jambo hilo. Kipindi hiki hakikuanza kama burudani ya watoto wote ambayo kwa bahati njema ilikuwa bure. Kilianza kama dawa ya pengo kati ya mtoto aliyenacho na asiyenacho.

Sasa naja kwenye jambo ambalo watu wengi hulipita, nalo ni kwamba tangu mwanzo neno «bure» halikuwa na maana ya «kwa wote».

Mwezi Juni 2015, miezi miwili tu kabla ya tangazo la HBO, wachumi wawili, Melissa Kearney wa Chuo Kikuu cha Maryland na Phillip Levine wa Wellesley College, walitoa utafiti uliotumia kasoro ya kiufundi ya zamani. Kipindi kilipoanza, vituo vya elimu katika baadhi ya miji vilirusha kwa masafa ya VHF, na katika miji mingine kwa masafa ya UHF, ambayo yalikuwa dhaifu na magumu kunaswa kwa televisheni na antena za siku zile. Boston walikuwa nacho kwenye chaneli ya 2, wakakipata vizuri. Los Angeles kilikuwa kwenye chaneli ya 28, na nyumba nyingi hazikukipata. Kwa ujumla takribani theluthi moja ya Wamarekani waliishi mahali ambapo kipindi hakikufika sawasawa. Wachumi hao wakalinganisha watoto wa maeneo hayo mawili, wakakuta kwamba waliokuwa wadogo kipindi kilipoanza, na ambao walikaa mahali kinaponaswa vizuri, walielekea zaidi kuwa katika darasa linalolingana na umri wao. Manufaa yalionekana zaidi kwa wavulana na kwa watoto Weusi.

Antena ya UHF, ndugu zangu! Hakuna waziri aliyeamua, hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini antena ikachagua nani afundishwe herufi na nani asifundishwe.

Walikuwapo pia wenye nia mbaya. Mwezi Mei 1970, tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kukizuia kipindi kisionyeshwe, kwa sababu kiliwaonyesha watoto Weusi na Weupe wakicheza pamoja. Mjumbe mmoja aliyechukizwa na uamuzi huo akaupeleka kwenye magazeti, aibu ikaenea nchi nzima, na baada ya wiki chache tume ikageuza kauli. Nalisimulia hili ili tukumbuke kwamba mlangoni pa sebule ya mtoto huwa kuna mtu amesimama. Mara ni tume, mara ni antena, na safari hii alikuwa mkusanya ada ya mwezi. Huduma ya HBO ya mtandaoni, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 2015, iligharimu karibu dola 15 kwa mwezi.

Basi kwa nini walihama? Je, walikuwa walafi?

Hapana, na hapa nitawatetea. Watu wengi, hata Marekani kwenyewe, waliamini kwamba Sesame Street ililipwa na televisheni ya umma. Ukweli ni kwamba fedha za PBS zilikuwa takribani sehemu moja ya kumi tu ya gharama. Zilizobaki shirika lilizitafuta lenyewe, kwa misaada na kwa kuuza midoli, vitabu, leseni na diski za DVD. Maana yake, mzazi aliyenunua dukani mdoli wa Elmo, mmoja wa vikaragosi vya kipindi, alikuwa anamlipia mtoto wa jirani asiyeweza kununua, bila yeye mwenyewe kujua. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa miaka mingi. Kisha watu wakaacha kununua DVD, watoto wakahamia kwenye simu na vishikwambi, na ule mfereji uliokuwa ukileta maji ukakauka polepole huku kila mtu akiendelea kuamini kwamba kisima ni cha serikali.

HBO ikaja na fedha. Matoleo mapya yangeongezeka kutoka 18 hadi 35 kwa mwaka, na PBS ingeyapata baada ya ile miezi tisa bila kulipa ada ya leseni. Mkurugenzi wa fedha yeyote aliyeko humu, akiletewa karatasi hiyo na huku mishahara inamngoja, atatafuta kalamu. Hata mimi ningesaini, ingawa ningeomba niongee kidogo kuhusu ukurasa mmoja.

Msimu wa kwanza wa HBO ulianza tarehe 16 Januari 2016. Toleo lililokuwa la saa nzima likawa la nusu saa, kwa hiyo ukichukua kalamu na kuhesabu dakika badala ya matoleo, ile nyongeza kubwa inatoweka yote. Mtaa ukapakwa sura mpya; Elmo akahamia kwenye nyumba ya matofali, na Oscar akaongezewa mapipa ya kutenganisha taka. Katikati ya mwaka ikajulikana kwamba Bob McGrath, Emilio Delgado na Roscoe Orman, waigizaji waliokuwa kipindini kwa miongo mingi, hawamo tena katika matoleo mapya. Shirika lilieleza kwamba maamuzi ya usanii yalikuwa yake, si ya HBO, nami sina sababu ya kubisha. Mtaa wowote hufanyiwa ukarabati. Linaloniuma ni ule ukurasa wa miezi tisa.

Walimu, niambieni ninyi mnaoishi na watoto hawa: mtoto wa miaka mitatu na miezi mitatu, akikaa miezi tisa, ana umri gani? Ana miaka minne. Yule wa miaka mitatu hajui rangi zote, na wa minne anauliza kwa nini bahari haimwagiki. Mtu mzima anayesubiri tamthilia kwa miezi tisa anapata usumbufu mdogo tu. Mtoto anayesubirishwa kwa kipimo hicho ameshakuwa mtoto mwingine kipindi kinapomfikia. Wanaotetea mkataba husema kwamba matoleo ya zamani yalibaki PBS, na kwa mtoto mdogo herufi A ni ileile, ya zamani na ya mpya. Hoja hiyo ina nguvu, siidharau. Lakini kama matoleo mapya hayana tofauti yoyote kwa mtoto, kwa nini HBO ililipa fedha nyingi ili iyapate kwanza?

Na kwamba kusubiri hakukuwa lazima, ushahidi ulitoka kwao wenyewe. Tarehe 10 Aprili 2017 kipindi kilimleta karagosi mpya, Julia, msichana mwenye usonji. Anachora, anaimba, anapepesa mikono akifurahi, na Big Bird anapomsalimu hajibu, mpaka wenzake wanamweleza kwamba Julia hufanya mambo kwa namna yake. Toleo hilo lilionyeshwa siku moja, HBO na PBS kwa pamoja. Nilipolisoma hilo nililisoma mara mbili. Kumbe inawezekana! Mtoto mwenye usonji katika nyumba ya asiyelipa hakuambiwa asubiri miezi tisa ndipo amwone anayefanana naye, kwa kuwa watu walikaa mezani wakakubaliana asisubiri. Kilichowezekana kwa toleo moja kinajadilika kwa matoleo 35.

Nieleze na upande mwingine wa mkataba, ambao mwaka 2015 haukuzungumzwa sana: chaneli inayokulipa leo, kesho itakuwa ya nani?

HBO iliyotia saini ilikuwa chini ya kampuni ya Time Warner. Mwaka 2018 Time Warner ikanunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T. Mwaka 2020 ikaanzishwa huduma mpya ya mtandaoni, HBO Max, na Sesame Street ikahamishiwa huko. Mwaka 2022 kampuni ikaunganishwa na Discovery, kampuni nyingine ya televisheni, na wakubwa wapya wakaanza kubana matumizi. Mwezi Agosti mwaka huo, karibu matoleo 200 ya zamani ya Sesame Street yaliondolewa katika huduma hiyo. Mzazi alifungua asubuhi akakuta hayapo. Kisha Desemba 2024 ikajulikana kwamba kampuni haitaendelea kulipia matoleo mapya, na miezi michache baadaye shirika la Sesame likawapunguza wafanyakazi. Kwa kifupi, katika muda wa chini ya miaka kumi, mkombozi alibadilisha wenye mali mara mbili, kisha akaondoka. Sisemi alivunja ahadi. Alitimiza alichoandikiwa, na alichoandikiwa kilikuwa na mwisho.

Mwezi Mei 2025 ukaja mkataba mwingine, wa Netflix. Huu nao ni wa kampuni ya kulipia, lakini tazameni ukurasa ule nilioutaja: matoleo mapya yanaonekana Netflix na PBS siku ileile. Miezi tisa imefutwa. Mwaka 2015 tuliambiwa kwamba mnunuzi hawezi kulipa bila kupewa nafasi ya kutangulia. Miaka kumi baadaye, mnunuzi mkubwa kuliko yule wa kwanza amelipa bila hiyo. Huenda nyakati zimebadilika, huenda shirika limejifunza kukaa mezani. Kwangu mimi linalotosha ni kwamba limewezekana.

Hata hivyo, msipige makofi bado. Mwezi Julai mwaka huohuo, Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa shirika la umma linalogawa fedha kwa vituo vya redio na televisheni, na mwezi Agosti shirika hilo likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. Ndiyo kusema, mwaka uleule ambao kipindi kilirudishwa kwa mtoto wa chaneli ya bure siku ileile, chaneli yenyewe ya bure ilianza kukatiwa maji.

Sisi tunahusikaje? Tunahusika kwa mengi, na sitayamaliza.

Sesame Street yenyewe ilishafika hapa. Watoto wa Tanzania walikuwa na Kilimani Sesame, iliyozungumza Kiswahili na kufundisha pamoja na herufi na hesabu namna ya kujikinga na malaria, na haikutegemea televisheni peke yake, ilitumia na redio na vitabu, kwa sababu waliojua hali yetu walijua kwamba si kila nyumba ina umeme. Baadaye, mwaka 2013, hapahapa Dar es Salaam ikaanzishwa Ubongo, na kutoka kwao tukapata Ubongo Kids na Akili and Me, ambavyo vimevuka mipaka na kuzungumza lugha nyingine za Afrika. Kwa hiyo swali la kipindi kizuri kinalipiwa na nani, na kinamfikia nani, ni swali la hapa tulipokaa.

Na milango yetu tunaijua. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulianzia jiji hili, tarehe 31 Desemba 2012, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki na kioo cheusi. Mwaka 2018 chaneli za nyumbani zilipoondolewa kwenye ving'amuzi kadhaa vya kulipia, wengi wetu tuligundua siku hiyohiyo kwamba tulichokiita cha bure tulikuwa tunakipitishia kwenye king'amuzi cha mtu. Leo vijana wananiambia, «Mzee, tunaweka mtandaoni, kila mtu anaona.» Kila mtu yupi? Mtoto anayeazimwa simu ya mama jioni, kifurushi kikiwa kimebaki kidogo, naye ana dakika tano kabla mama hajaidai simu yake?

Vijana wa studio, siku moja mtaletewa karatasi kama ile ya mwaka 2015. Naomba mje nayo, mimi mzee nitavaa miwani tuisome pamoja. Tutatafuta mahali palipoandikwa siku: mtoto wa chaneli ya bure anaona lini? Tutatafuta palipoandikwa matoleo ya zamani: mkataba ukiisha, au kampuni ikiuzwa, yanarudi kwa nani? Tutauliza kama redio imo, maana kampuni za picha mara nyingi hazina haja na redio na zinaweza kuwaachia bila ubishi, mkiomba kabla ya kusaini. Na kama watakataa siku ileile, ombeni wiki mbili. Ombeni mwezi. Ombeni angalau yale matoleo yanayohusu ugonjwa, msiba na ulemavu yasisubiri hata saa moja, na muwatajie Julia.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Nimesema niliyokuja kusema, na naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma upande wa walimu wa Kisarawe. Mwalimu, karibu kipaza sauti, anza wewe.